Sera ya ulinzi wa mtoto: anayepokea taarifa naye awajibishwe (maoni kutoka Kigoma na Tabora)

Mkazi wa Kasulu (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, nawasalimu.

Kila linapotokea tukio la kutisha la ukatili dhidi ya mtoto, mjadala wetu huishia kwenye adhabu: miaka 30, kifungo cha maisha, na wengine hudai zaidi ya hapo. Mimi ni mjumbe wa kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto katika kata mojawapo ya wilaya ya Kasulu, na kwa jinsi ninavyoiona kazi hii kwa karibu, upungufu wetu mkubwa hauko kwenye adhabu. Uko katikati, baina ya jirani aliyetoa taarifa na mahakama inayosubiri jalada, na hapo ndipo ningependa sera ya taifa iseme kwa uwazi kuliko inavyosema sasa.

Tulichonacho si kidogo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1991, ikaandika Sera ya Maendeleo ya Mtoto mwaka 1996 na kuihuisha mwaka 2008, kisha Bunge likatunga Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009, inayomtambua mtoto kuwa ni mtu yeyote aliye chini ya umri wa miaka 18. Sheria hiyo inamtaka mzazi ampe mwanawe chakula, malazi, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, elimu, na hata nafasi ya kucheza na kupumzika. Anayekiuka wajibu huo anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, kufungwa kwa muda usiozidi miezi 6, au vyote viwili. Vilevile inamwajibisha kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe kwenye mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake, na inamtaka afisa ustawi wa jamii amwite anayelalamikiwa, na akikaidi ampeleke mahakamani. Baadaye ukaja MTAKUWWA, yaani Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili Dhidi ya Wanawake na Watoto, awamu ya kwanza ikiwa ya 2017/18 hadi 2021/22 na ya pili ikianzia 2024/25. Kamati kama yetu, kuanzia taifa hadi kijiji na mtaa, ni zao la mpango huo.

Ukubwa wa tatizo nao haubishaniwi tena. Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana mmoja kati ya 7 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na kwamba karibu robo tatu ya watoto wa jinsia zote mbili walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili. Nchi yetu ilikubali kujitazama hadharani wakati nchi nyingi za Afrika zilikuwa bado hazijafanya hivyo, nami naliheshimu jambo hilo.

Sasa niwaonyeshe linavyofika kwetu. Katika ofisi nyingi za watendaji kuna daftari la malalamiko, lile la kurasa ngumu lililopigwa mistari kwa rula na kalamu nyekundu. Safu ya kwanza ni tarehe, ya pili ni jina la mlalamikaji, ya tatu ni maelezo, na ya mwisho ni hatua iliyochukuliwa. Nimekuta humo maelezo ya mtoto wa darasa la tatu aliyeachiwa wadogo zake wawili baada ya mama kwenda kwenye mashamba ya tumbaku na baba kutojulikana alipo. Jirani ameeleza vizuri kabisa, hadi kutaja kwamba watoto wanakula mara moja kwa siku. Kwenye safu ya mwisho limeandikwa neno moja tu: “Imepokelewa.” Kwa mujibu wa daftari hilo shauri limekwisha. Jirani ametimiza wajibu wake wa kisheria, mtendaji ameandika, na watoto wamebaki palepale walipokuwa.

Simlaumu mtendaji yule. Siku hiyohiyo anadaiwa mapato ya ushuru, michango ya madarasa, taarifa za mbolea na orodha ya kaya. Hakuna anayemuuliza juu ya daftari lile. Afisa ustawi wa jamii, ambaye ndiye sheria inamtaja, mara nyingi yuko makao makuu ya halmashauri, akiwa na kata nyingi mkononi na pikipiki anayogombania na idara nyingine, kama ipo na kama ina mafuta.

Mtoto aliyetelekezwa anaumia zaidi hapa kuliko aliyepigwa. Mtoto aliyepigwa au kubakwa, kwa majonzi yote yaliyomo, ana njia inayojulikana: polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, fomu ya PF3 inayotolewa na polisi kwa ajili ya matibabu, hospitali, kisha jalada. Mtoto anayelala njaa hana jeraha la kujazia PF3. Hakuna tukio la usiku mmoja, kwa kuwa madhara yake hujikusanya polepole, na anapofikia hali ya kuonekana na kila mtu huwa ameshaacha shule au ameshachukuliwa na mtu aliyeahidi kumsomesha mjini.

Sisi tunaoishi jirani na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu tumeona kwamba kazi hii inawezekana hata katika dhiki. Mtoto aliyefika kambini bila mzazi huandikishwa, hutafutiwa familia ya kumlea kwa muda, na huwa na mfanyakazi anayemfuatilia, anayejulikana kwa jina, mwenye jalada lake. Mtoto wa kijiji cha nje ya kambi, mwenye shida ileile, hana mtu wa namna hiyo. Sisemi haya kuwaonea wivu wakimbizi. Nasema kwamba utaratibu uleule ungeweza kuandikwa katika sera yetu na kutengewa fedha.

Hoja yangu, basi, ni hii. Sera imtaje kwa cheo mtu wa kwanza anayepokea taarifa katika kijiji na mtaa, impe muda wa kumwona mtoto kwa macho yake, na muda huo uhesabiwe tangu taarifa ilipotolewa kijijini, si tangu barua ilipofika wilayani. Mtoa taarifa apewe jibu kwa maandishi. Kila kata iwe na afisa ustawi wa jamii aliyeajiriwa, na pale asipopatikana mapema, awepo mhudumu wa jamii aliyefunzwa na anayelipwa, kwa sababu kazi ya kujitolea haiwezi kubeba jukumu ambalo sheria imeliita la lazima. Kubwa kuliko yote kwa mikoa yetu miwili, jalada la mtoto limfuate mtoto. Leo mtoto akipanda treni Uvinza akateremka Kaliua, ametoka mkoa wa Kigoma na kuingia Tabora, na kila tulichokijua juu yake tumebaki nacho huku.

Naomba michango, hasa kutoka kwa ndugu zetu wa Tabora.

---

Mwalimu wa Urambo

Ndugu Mkazi wa Kasulu, ahsante kwa kuileta hoja hii kwa utulivu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika wilaya ya Urambo, na hao watoto unaosema mmebaki na taarifa zao ndio tunaowapokea huku, au kwa usahihi zaidi ndio tusiowapokea, kwa kuwa wengi hawafiki darasani.

Kalenda ya tumbaku na kalenda ya shule zinagongana. Muhula unafunguliwa Januari, wakati mashambani uchumaji wa majani unaanza kupamba moto, na baada ya kuchuma kuna kufunga majani kwenye fito, kupanga kwenye mabani (vibanda vya kukaushia tumbaku), na kuangalia moto usiku na mchana. Familia ya kibarua wa msimu hulipwa baada ya tumbaku kuuzwa, hivyo kila mkono katika familia hiyo unahesabiwa, hata wa mtoto wa miaka tisa. Mtoto akirejea darasani utamjua kwa viganja: utomvu wa tumbaku huganda mweusi, unanata, na hautoki kwa maji matupu. Anayechuma majani yenye umande hufyonza nikotini kupitia ngozi, akashikwa na kizunguzungu na kutapika, na wazazi hudhani ni malaria. Sheria yetu inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, lakini kazi ya hatari hairuhusiwi kwa yeyote aliye chini ya miaka 18, na kwa maelezo hayo sioni namna ya kuiita kazi hii nyepesi.

Napendekeza sera itumie kitu ambacho tayari kipo, yaani daftari la mahudhurio. Kila asubuhi mwalimu anaita majina. Mtoto asipoonekana kwa wiki kadhaa mfululizo, hiyo ingekuwa taarifa ya ulinzi moja kwa moja, bila kusubiri jirani ajitokeze. Kwa sasa utoro tunaushughulikia kama kosa la mwanafunzi au uzembe wa mzazi, tunaandika barua, na mambo yanaishia hapo.

Lakini na sisi walimu tusijiweke pembeni. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi 4, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi. Kila aliyepita shule zetu anajua kwamba jambo hilo halifuatwi. Tunaanzisha dawati la ulinzi wa mtoto shuleni, tunampanga mwalimu wa kusikiliza watoto, na mwalimu huyohuyo ana fimbo mkononi. Mtoto hawezi kumweleza siri ya nyumbani mtu anayemwogopa. Sera ikitaka shule ziwe mahali pa kutolea taarifa, lazima iamue kwanza juu ya viboko, na mimi naunga mkono viondolewe kabisa.

---

Mama wa Ujiji

Wanangu, nimewasoma wote wawili na ninawaheshimu, lakini naomba mnisikilize upande wa pili. Ninalea wajukuu. Baba yao anavua dagaa, usiku yuko ziwani na taa, mchana amelala, na miezi mingine hakuna kitu. Mama yao alikwenda kutafuta maisha. Wajukuu wangu nao kuna siku wanakula mara moja. Je, na mimi niandikwe kwenye daftari?

Ninachoogopa ni sera inayoandikwa na watu wenye mishahara, inayouita umaskini wetu utelekezaji. Bibi akiitwa ofisini, barua ikiletwa na mgambo, majirani wote watajua, na kesho yake yule bibi atamficha mtoto mgonjwa badala ya kumpeleka zahanati. Hapo mtakuwa mmemlinda nani?

Kuna wazazi walioacha watoto kwa makusudi, silikatai hilo. Wapo wanaume wenye boti, wenye nyumba za kupangisha, ambao watoto wao wanaokota dagaa waliomwagika kwenye mchanga wa mwalo wapate cha kuuza. Hao waitwe, na wakikaidi wapelekwe mahakamani watoe matunzo. Lakini mtu asiye nacho asaidiwe kwanza. Afisa huyo wa kata mnayemtaka aje, lakini aje na kitu mkononi: aweze kuiingiza kaya kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini, aweze kumtafutia mtoto sare, aweze kuongea na mwalimu. Akija na daftari tu, hatutamfungulia mlango.

---

Mkazi wa Kasulu

Mama, shikamoo. Umegusa mahali ambapo maelezo yangu yalikuwa mafupi mno. Sheria ya Mtoto yenyewe, katika kifungu kinachozungumzia wajibu wa kutoa taarifa, inamtaja mzazi au mlezi mwenye uwezo ambaye anakataa au anapuuza kumpatia mtoto mahitaji yake. Asiye na uwezo hayumo katika maneno hayo, na sera inapaswa kuisimamia tofauti hiyo kwa nguvu zote. Kwa hiyo ile ziara ya kwanza ninayoidai iwe ya kujua hali, na fomu yake ianze na swali la kaya inahitaji nini kabla ya swali la nani amekosea. Kwenye familia kama yako jibu lingekuwa msaada. Kwenye familia ya yule mwenye boti jibu lingekuwa wito wa ofisi.

Juu ya barua kuletwa na mgambo, nakubaliana nawe bila masharti. Ni jambo dogo kwa anayeandika sera, na kwa anayebishiwa hodi ni aibu ya mtaa mzima.

---

Wakili wa Tabora Mjini

Naomba niongeze upande wa mahakama, kwa sababu mwanzisha uzi ameuacha kwa makusudi, na nadhani haufai kuachwa wote.

Ni kweli kwamba adhabu zipo. Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016, na anayempa mwanafunzi mimba au kumwoa anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Sheria ya Ushahidi nayo ilirekebishwa mwaka huohuo: mtoto mwenye umri usiozidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, mradi aahidi mbele ya mahakama kwamba atasema kweli na hatasema uongo. Katika makosa ya kingono, mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto huyo pekee ikiridhika kwamba anasema kweli. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 haimruhusu mshtakiwa kujitetea kwamba mzazi aliridhia. Kwa hiyo wakala anayekusanya watoto vijijini Kigoma na kuwagawa kwenye mashamba ya Tabora hawezi kujificha nyuma ya ruhusa ya baba.

Pamoja na hayo kesi zinakufa, na zinakufa kwa sababu za kawaida sana. Familia mbili zinakaa chini ya mwembe, ng'ombe au fedha zinatolewa, na inasemwa kwamba yamekwisha kifamilia. Siku ya shauri mtoto hayupo, ameshahamishiwa kwa mjomba wilaya nyingine. Au mama yupo tayari kabisa kuja, ila kutoka kijiji cha Sikonge au Uyui hadi mahakamani ni nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, shauri linaahirishwa, anatakiwa arudi tena, na safari ya tatu hana cha kukopa. Mshtakiwa anaachiwa, anarudi mtaa uleule, na wanakijiji wanajifunza kwamba kushitaki ni kujitafutia uadui bure.

Ningependa sera itamke mambo mawili. Fedha za kumsafirisha shahidi mtoto na mlezi wake zitengwe katika bajeti ya halmashauri chini ya kasma inayojulikana, zisiombwe kwa hisani ya askari mpelelezi. Pili, kiongozi wa serikali ya kijiji anayesimamia usuluhishi wa kosa la kingono dhidi ya mtoto achukuliwe hatua za kinidhamu na za jinai. Viongozi wengi hufanya hivyo wakiamini wanaleta amani, na ndiyo maana waelezwe mapema kwa maandishi na waweke saini.

Kuhusu ndoa za utotoni nitasema kwa kifupi kwa kuwa zinastahili uzi wake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu iliona mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakinzana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi huo mwaka 2019. Sera yoyote ya ulinzi wa mtoto isiyosimama kwenye umri wa miaka 18 kwa wote itakuwa inajipinga yenyewe.

---

Mwanaushirika wa Kaliua

Nimesoma kimya hadi hapa. Niko kwenye chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku, na nadhani lile la jalada kumfuata mtoto linaweza kuanzia kwetu kuliko mnavyofikiri.

Chama kinamjua kila mkulima. Kabla ya msimu tunaandikisha ukubwa wa shamba, makisio ya kilo, mahitaji ya mbolea na idadi ya mabani, na kampuni zinazonunua zina maafisa wao wa ugani wanaopita mashambani kukagua. Kwa hiyo mtu mzima mwenye kalamu na fomu anafika kwenye lile shamba la porini ambako afisa ustawi hajawahi kufika. Kinachokosekana kwenye fomu zetu ni sehemu ya kibarua: ametoka wilaya gani, amekuja na watoto wangapi, wana umri gani, na wameandikishwa shule ipi. Tukiwa na sehemu hiyo, nakala moja itakwenda kwa mtendaji wa kata, moja kwa mwalimu mkuu wa shule ya jirani, na ya tatu kwa halmashauri alikotoka kibarua.

Wakulima watalalamika, na najua watakachosema, kwa kuwa na mimi ni mkulima: kibarua mwenye watoto shuleni atadai muda na chakula zaidi, na bei ya tumbaku haiongezeki kwa ajili hiyo. Lalamiko hilo lina ukweli ndani yake. Mkulima mdogo naye anakatwa madeni ya pembejeo kabla hajashika fedha, na ndipo anapomlipa kibarua wake kidogo. Kwa hiyo gharama isiachwe kwa mkulima peke yake. Kampuni inayonunua iwajibike kwa sehemu yake ndani ya mkataba wa ununuzi, na sera iseme hivyo.

Mkazi wa Kasulu, ukipata nafasi ya kupeleka maoni haya halmashauri kwenu, nami nitayapeleka kwetu, na Mwalimu ayapeleke Urambo. Vitalu vinaanza kusiwa kuanzia Agosti, na vibarua huanza kuwasili baada ya hapo. Ile sehemu ya kibarua naweza kuiombea ajenda kwenye mkutano wetu mkuu kabla ya uandikishaji, hata kama waraka wa taifa utakuwa bado haujatoka.